Jangwa Lililo Magharibi ya Birmingham: Nyumba za Mwambani za Kinver

Kinver ni kijiji kilichoko ukingoni mwa Staffordshire, kama kilomita 25 magharibi ya katikati ya jiji la Birmingham. Nyuma ya kijiji unainuka mgongo mrefu wa mwamba mwekundu uitwao Kinver Edge, wenye misitu na vichaka, na kwenye ncha yake ya kaskazini lipo jabali liitwalo Holy Austin Rock. Usoni mwa jabali hilo mna milango, madirisha yenye vioo na dohani za matofali. Ndani yake waliishi watu, tena si watu wa zama za mawe: wa mwisho waliondoka katika miaka ya 1960, wakati televisheni ilipokuwa imekwisha kuingia katika nyumba nyingi za Birmingham.

Nyumba za majabalini zinazojulikana zaidi duniani ni zile za Marekani. Huko Mesa Verde, jimbo la Colorado, mababu wa Wapueblo walijenga vijiji vya mawe chini ya vivuli vya magenge makubwa. Kijiji kikubwa kuliko vyote, Cliff Palace, kina vyumba kama 150, nacho kiliachwa mwishoni mwa karne ya 13 baada ya ukame wa miaka mingi. Katika korongo la Canyon de Chelly, Arizona, magofu ya namna hiyo yamo ndani ya ardhi ya Wanavajo, na hadi leo wapo wanaolima chini yake. Familia za Kimarekani hupakia watoto na vyakula, zikaendesha gari siku kadhaa jangwani kwenda kuyaona. Familia inayokaa katika mitaa ya Birmingham kama Small Heath, Sparkbrook au Handsworth inaweza kuondoka baada ya chai ya asubuhi na kufika Kinver kabla jua halijawa kali, kama siku hiyo jua litakuwepo.

Ziko tofauti kati ya huko na huku, na iliyo kubwa ni ya umri. Mesa Verde jiwe ni la kale na nyumba ni za kale. Kinver jiwe ndilo la kale. Nyumba ni za juzi tu, na waliozikalia walikuwa wafanyakazi wa mashamba na viwanda vya chuma. Anayekwenda kutazama masalia ya watu wa porini atakuta ushahidi wa jambo jingine kabisa: jinsi maskini wa nchi iliyotangulia duniani kwa viwanda walivyojitafutia mahali pa kulala.

Jiwe la Kinver ni jiwe la mchanga la kipindi ambacho wanajiolojia hukiita Permi, yapata miaka milioni 280 iliyopita. Wakati huo mabara yalikuwa yameungana kuwa bara moja, Panjea, na kipande cha ardhi ambacho leo ni Uingereza kilikuwa kaskazini kidogo ya ikweta, mbali na bahari, katika latitudo zinazokaribiana na kusini mwa Sahara ya leo. Mvua ilikuwa adimu. Upepo ulisukuma mchanga ukawa vilima, vilima vikahama, kimoja kikapanda juu ya kingine, kisha uzito wa matabaka yaliyofuata ukaugandamiza mchanga huo mpaka ukawa mwamba.

Ushahidi wake unaonekana kwa macho matupu. Kwenye kuta za Holy Austin Rock imelala mistari ya mshazari, tabaka juu ya tabaka, na kila mstari ni mteremko wa kilima cha mchanga kilichokuwa kikisogea. Mistari hiyo huinama kuelekea upepo ulikokuwa ukienda, kwa hiyo ndiyo inayotuambia kwamba upepo wa jangwa lile ulivuma kutoka mashariki. Wekundu wa jiwe unatokana na kutu ya chuma iliyozivika chembe za mchanga. Chembe zenyewe ni za duara, kwa kuwa ziligongana na kusuguana zikipeperushwa kwa muda mrefu, na wanajiolojia wa Uingereza huziita punje za ulezi. Mchanga wa mtoni huwa na pembepembe zaidi. Mtoto akiokota chembe chache zilizodondoka chini ya ukuta, akazitazama kwa kioo cha kukuzia, ameshika mchanga wa jangwani bila kutoka Uingereza.

Miongoni mwa walioyachunguza hayo kwa makini ni Frederick Shotton. Mwaka 1937 alichapisha utafiti juu ya mawe ya mchanga ya Worcestershire na Shropshire, akaonyesha kwamba ni vilima vya jangwani vyenye umbo la hilali, vya aina inayoonekana leo katika majangwa ya Afrika na Uarabuni. Haukupita muda, Vita Kuu ya Pili ikaanza, na jeshi la Uingereza likamtumia mtaalamu huyo huyo Afrika Kaskazini kusaidia kutafuta maji chini ya mchanga. Mwaka 1949 akawa profesa wa jiolojia katika Chuo Kikuu cha Birmingham. Ni wataalamu wachache waliowahi kulisoma jangwa lililokufa katika nchi yao, kisha wakapelekwa kuufanyia kazi ujuzi huo katika jangwa lililo hai.

Kwa mchongaji, sifa kubwa ya jiwe hili ni kwamba ni laini kiasi cha kukatwa kwa sururu, lakini lina nguvu ya kubeba dari bila nguzo ikiwa chumba si kipana mno. Halina nyufa nyingi. Maji hupenya polepole. Mtu mwenye nguvu na subira aliweza kujipatia chumba bila kununua mbao wala matofali, ambavyo vilikuwa ghali kwa kibarua.

Lini hasa watu walianza kuishi humo ni vigumu kusema, kwa sababu anayechonga pango hufuta alama za aliyemtangulia. Juu ya Kinver Edge kuna ngome ya udongo ya Zama za Chuma, lakini hiyo ilijengwa kileleni, si ndani ya mwamba. Jina la Holy Austin hunasibishwa na mtawa mpweke anayesemekana aliishi hapo kabla ya Matengenezo ya Kanisa ya karne ya 16. Kumbukumbu ya maandishi inaanza mwaka 1617, pale daftari la parokia lilipoandika kifo cha mwanamke aliyeitwa Margaret wa tundu la mbweha. Pango linalohusishwa naye liko kwenye upande wa magharibi wa mgongo huo, na leo huitwa Nanny's Rock. Lina vyumba vikubwa vilivyoachwa wazi, bila madirisha wala samani, na kwa hiyo linaonyesha vizuri kuliko Holy Austin jinsi mwamba mtupu unavyokuwa makao.

Kisha, mwaka 1777, mwandishi Joseph Heely alichapisha kitabu cha barua juu ya bustani maarufu za eneo hilo. Humo anasimulia alivyojikinga na dhoruba katika nyumba ya mwambani, akapokewa na familia safi yenye heshima zake. Mshangao wake unasema mengi. Muungwana wa karne ya 18 alitegemea kukuta washenzi pangoni, akakuta mama wa nyumbani amefagia.

Wakati Heely anaandika, bonde la mto Stour lililo chini ya Kinver lilikuwa limekwisha kuwa bonde la chuma kwa muda wa karne moja na nusu. Maji ya mto yaliendesha vinu vya kupasua vyuma, yaani mashine za kukata bamba la chuma kuwa fito nyembamba. Kinu cha Hyde, karibu na Kinver, kinahusishwa na Richard Foley, aliyekianzisha katika miaka ya 1620. Hadithi ya wenyeji humwita Foley Mpiga Fidla, ikidai kwamba alikwenda ng'ambo akijifanya mwanamuziki mzururaji ili aibe siri ya mashine hizo. Hadithi hiyo ni tamu kuliko inavyoaminika. Jambo lisilo na shaka ni kwamba fito za chuma zilipelekwa katika vijiji vya kuzunguka Stourbridge, Halesowen na Dudley, ambako familia nzima, baba, mama na watoto, zilikaa kwenye vibanda nyuma ya nyumba zikifua misumari. Mwaka 1772 ulifunguliwa mfereji wa Staffordshire na Worcestershire, kazi ya mhandisi James Brindley, ukipita Kinver kwenyewe, na mizigo ikaanza kwenda kwa mashua zilizokokotwa na farasi.

Kazi zilileta watu, na watu walihitaji kulala. Sensa ya mwaka 1861 ilikuta familia 11 katika Holy Austin Rock peke yake. Miongoni mwao walikuwamo watu wa viwanda vya chuma na vibarua wa mashambani, wale wale ambao mjini wangebanana katika vyumba vya uani visivyo na hewa. Akilinganishwa na mpangaji wa vichochoro vya Birmingham wa wakati huo, aliyechota maji kwenye bomba moja na majirani kumi na kutumia choo kimoja nao, mkazi wa mwambani hakuwa na sababu kubwa ya kumwonea wivu mtu wa mjini. Alikuwa na bustani mbele ya mlango, kisima, na upepo.

Nyumba za Holy Austin zilipangwa katika ngazi tatu, moja juu ya nyingine, zikiunganishwa na njia na vidato vilivyochongwa. Sehemu ya mbele ya nyumba ilizibwa kwa ukuta wa matofali au mawe, ikatiwa mlango na madirisha. Nyuma ya ukuta huo ndipo mwamba unapoanza. Chumba cha mbele, chenye mwanga, kilikuwa sebule na jiko. Meko yalichongwa pembeni na moshi ukapandishwa kupitia shimo lililotobolewa hadi juu, ambako lilimalizikia kwa dohani ya matofali. Vyumba vya ndani vilikuwa na giza, vikatumika kwa kulala na kuhifadhia vitu. Kuta zilipakwa chokaa ili mwanga ukolee na mchanga usidondoke kwenye chakula, na kazi ya kupaka ilirudiwa kila mara, kwani jiwe laini halikomi kupukutika. Unene wa mwamba ulifanya kazi ambayo leo hufanywa na mitambo ya gharama: ndani hapakuwa na joto kali wakati wa kiangazi, na wakati wa baridi moto mdogo ulitosha. Unyevunyevu ulikuwepo, hasa pale moto ulipoachwa kuzimika.

Msomaji wa Afrika Mashariki hatakosa kukumbuka Mlima Elgon. Mapango ya mlima huo, upande wa Kenya na Uganda, yamo katika mwamba laini wa volkano, na Wasabaoti waliishi humo pamoja na ng'ombe wao, wakiziba milango kwa uzio wa miti. Msafiri Joseph Thomson alipofika huko mwaka 1883 alistaajabu kama Heely alivyostaajabu Kinver karne moja kabla, akabuni nadharia kwamba mapango hayo yalichimbwa na watu wa kale waliostaarabika zaidi, kwa kuwa hakuamini wenyeji wangeweza. Thomson alikuwa Mskoti. Huko kwao Uingereza, mwaka ule ule, hatua chache kutoka kwenye viwanda, raia wenzake walikuwa wakichemsha chai ndani ya mwamba. Katika Elgon kuna jambo ambalo Kinver haina: ndovu huingia usiku katika pango la Kitum, wakachimba ukuta kwa pembe ili wapate chumvi.

Viwanda vya chuma vya bonde la Stour vilipofifia mwishoni mwa karne ya 19, wakazi wa mwambani walipungua. Waliobaki walipata kipato kipya. Mwaka 1901 ilifunguliwa reli nyepesi ya tramu za umeme kutoka Amblecote, karibu na Stourbridge, hadi Kinver, na kwa kuwa iliunganishwa na njia nyingine za tramu, wafanyakazi wa Birmingham na miji ya makaa ya mawe waliweza kuja kwa siku moja na kurudi. Siku za sikukuu walimiminika kwa maelfu. Matangazo yaliita kijiji hicho Uswisi ya Midlands, sifa ambayo Mswisi yeyote angeicheka. Wenyeji wa Holy Austin wakaanza kuuza chai na keki milangoni, na mgahawa wa ngazi ya juu ukaendelea hadi miaka ya 1960. Kasisi na mwandishi Sabine Baring-Gould alikuwa amekwisha kulitangaza eneo hilo kwa riwaya yake ya mwaka 1897, Bladys of the Stewponey, na mwaka 1911 akatoa kitabu kizima juu ya makao ya mapangoni Ulaya.

Tramu ziliuawa na mabasi. Njia ya Kinver ilifungwa mwaka 1930. Nyumba nazo zilianza kuonekana duni kadiri nyumba za halmashauri zenye maji ya bomba na umeme zilivyojengwa. Familia moja baada ya nyingine ilishuka kijijini. Mwaka 1964 Holy Austin Rock ikakabidhiwa National Trust, shirika la hisani la kuhifadhi urithi, ambalo lilikuwa likimiliki sehemu ya Kinver Edge tangu 1917, mwaka ambao watoto wa wakili mmoja wa Birmingham, Thomas Grosvenor Lee, mzaliwa wa Kinver, walilitoa eneo hilo kwa kumbukumbu ya wazazi wao. Lakini nyumba zisizo na watu haziishi muda mrefu. Wahuni walivunja kuta za mbele, na mvua ikamalizia. Ukarabati mkubwa ulifanywa miaka ya 1990, kwa kufuata picha za zamani, zikarudishwa kuta, milango, vitanda, vyombo vya jikoni na meko. Anayezitembelea leo aelewe basi kwamba mwamba ni ule ule, lakini sehemu nyingi za mbele ni kazi mpya.

Kuna wanaodai kwamba nyumba hizi ndizo zilizompa J. R. R. Tolkien wazo la viumbe wake wadogo waishio mashimoni. Tolkien alikulia Birmingham, eneo la Sarehole, na kitabu chake The Hobbit kilitoka mwaka 1937, kwa hiyo dai linawezekana. Ila wenyeji wa kila kilima cha Midlands wana dai kama hilo, na halihitajiki ili Kinver ipendeze.

Kwa gari, njia ya kawaida kutoka Birmingham ni Hagley Road, yaani barabara ya A456, kupita Halesowen hadi Hagley, kisha Stourbridge na barabara ya A458 iendayo Bridgnorth, ambayo ina njia ya kukunja kuelekea Kinver. Wasio na gari hupanda treni hadi Stourbridge Junction, wakabadilisha kwa kitreni kidogo kinachokwenda Stourbridge Town, safari ya kilomita moja na ushei inayokwisha kabla mtoto hajachagua kiti, halafu basi. Kwa safari ya Jumapili, ratiba ya mabasi iangaliwe kwanza. Msitu na vilele ni bure kwa yeyote. Kuingia ndani ya nyumba kuna kiingilio kwa wasio wanachama wa National Trust, na siku za kufunguliwa hubadilika kufuatana na majira, kwa hiyo inafaa kuuliza kabla ya kuondoka. Njia ina vidato na miteremko, na kigari cha kusukumia mtoto hupata taabu. Bibi anayeumwa magoti anaweza kubaki kwenye mgahawa ulioko leo ngazi ya juu huku wengine wakizunguka, mradi apate msaada wa kufika.

Watoto wenye kalamu au sarafu mkononi wanahitaji kuangaliwa. Jiwe hukwaruzika kwa ukucha, na kuta za Nanny's Rock zimejaa majina ya wapita njia wa vizazi vingi. Majina ya zamani sana yamekuwa historia. Mapya ni uharibifu, na kila jina linafuta sehemu ya mistari ile ya vilima vya jangwani. Kwenye vichaka vya kileleni, vinavyochanua zambarau mwezi wa Agosti, wapo pia vipiri, nyoka pekee mwenye sumu wa Uingereza. Hukimbia wakisikia vishindo, na viatu vya kufunika miguu vinatosha kuwa kinga.

Ikiwa siku bado ni ndefu, upande wa kusini mwa Kinver Edge kuna Drakelow, ambako mwamba wa aina hiyo ulichimbwa tena wakati wa Vita Kuu ya Pili, safari hii kwa ajili ya kiwanda cha siri cha kampuni ya Rover kilichofichwa chini ya ardhi ili kisipigwe mabomu. Kwa waliovutiwa zaidi, safari ya pili ni ya Nottingham, kama saa moja na nusu kwa gari kutoka Birmingham. Chini ya jiji hilo yanajulikana mapango zaidi ya 800 yaliyochongwa katika jiwe la mchanga lililo changa kidogo kuliko la Kinver: maghala ya pombe, viwanda vya ngozi, na makao ya maskini, ambayo sheria ya mwaka 1845 ilipiga marufuku kuyapangisha.